Mbona mwanangu anapigiwa kura?

SWALI: Shikamoo Bibi Muuguzi. Mwanangu wa miaka mitatu amelazwa, nami nimeombwa nikubali aingie kwenye utafiti wa dawa. Daktari anasema si yeye atakayechagua dawa, ni kompyuta itakayompigia kura, yaani kumpangia dawa kwa bahati nasibu. Wa kitanda cha jirani kapata dawa mpya. Hii si kamari? – Mama Rehema, Handeni

JIBU: Marahaba mwanangu, pole kwa kuuguza.

Mimi kura hiyo nimeishika mkononi, enzi za bahasha. Bahasha nene, zina namba, ndani imeandikwa dawa atakayopewa mtoto, unafungua inayofuata bila kuruka, na hata ukiielekeza kwenye taa huoni kitu (nilijaribu, nakiri). Usiku mmoja aliletwa mjukuu wa jirani yangu. Moyo ukanituma nimtafutie dawa niliyoiamini. Sasa wauguzi kumi tukifanya hivyo, tunaowaonea huruma wanarundikana upande mmoja, na mwisho hujui kama mtoto kaponywa na dawa au alikuja na nafuu yake. Kura ilinifunga mikono, na ilifanya vizuri.

Tena usiichanganye na ile ya watu wa takwimu wanaochagua kaya za kuhoji. Ile huamua nani aulizwe; hii humpangia kundi mtoto ambaye mzazi amekwisha kukubali.

Na huyo wa jirani, nani kakwambia ndiye mwenye bahati? Madaktari wengi waliamini kwamba mtoto mwenye homa kali, mikono ya baridi na mapigo dhaifu apewe dripu nyingi upesi. Utafiti wa FEAST ukawapigia kura watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania. Makundi mawili yalipata dripu ya haraka, la tatu halikuipata. (Wa kuharisha hawakuwemo, hao habari yao nyingine.) Ndani ya saa 48, katika kila watoto 100 wa dripu ya haraka walifariki kama 10 au 11, wa kundi la tatu, 7. Utafiti ulisimamishwa, majibu yakatoka 2011. Kumbe walioonekana kunyimwa ndio walionusurika zaidi.

Kabla ya kutia saini, uliza: kura ikimwangukia dawa ya zamani, ni ileile wanayopewa watoto wote wodini hapo? Nikimtoa katikati, matibabu yake yataendelea? Ukijibiwa kwa kuzungukazunguka, kataa, hakuna wa kukulaumu. Ukikubali, nakala ya fomu ya ridhaa ni yako. Usiiache mezani kwao.