Jibu: Fimbo moja ya kurusha na ya jigi, sangara wa mto Nile

Habari ndugu. Umeuliza kama fimbo moja ya kuvulia inatosha kurusha chambo bandia ukiwa ukingoni na kuchezesha jigi (chambo bandia kizito kinachozamishwa) wima ukiwa kwenye boti, kwa sangara walio chini ya maporomoko ya Murchison, Uganda. Inatosha, ila utapoteza kidogo pande zote mbili.

Kabla ya bei, soma maandishi yaliyo juu ya mpini. Tafuta mita 2.1, uzito wa chambo gramu 30 hadi 80. Ya mita 2.4 hurusha mbali zaidi, lakini kwenye boti urefu huo humpa samaki nguvu dhidi ya mkono wako. Ya mita 1.8 ni tamu kwa jigi, ila ukingoni utateseka.

Ncha isiwe laini sana. Ikilegea hutasikia jigi ikigusa chini, na kwenye mkondo wenye mawe hapo ndipo inaponasa.

Dukani, pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete inayopitisha mshipi. Pamba ikiacha nyuzi, pete ina ufa na itakata mshipi.

Tumia mshipi wa kusukwa wenye nguvu ya ratili 50, mbele yake mita 1.5 ya nailoni ya ratili 80, maana kifuniko cha shavu la sangara kina makali. Kaza breki ya rili (gurudumu la kukunjia mshipi) hadi iachie mshipi ukivutwa kwa kilo 6 kwenye mizani, basi.

Samaki akiwa chini ya boti, tafadhali usisimamishe fimbo wima! Mzigo wote huhamia nchani, ikavunjika. Inua taratibu hadi usawa wa kifua, kisha zungusha rili ukishusha.