Barua ya jumuiya ni ya nini?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Nimehamia Kayole kutoka Kakamega. Nilipoomba mtoto abatizwe, ofisi ya parokia ilitaka barua ya mwenyekiti wa jumuiya, yaani kikundi cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja. Je, jumuiya hizi zilianza pamoja na Jimbo Kuu la Nairobi, ama ni za juzi? – Mama Baraka

JIBU: Milele na milele, amina. Karibu Nairobi, Mama Baraka.

Jimbo lilitangulia. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1899, reli nayo ikifika, wakafungua misheni ya Mtakatifu Austin na kupanda kahawa. Mwaka 1953 Nairobi ikawa Jimbo Kuu, Askofu Mkuu wa kwanza akiwa John Joseph McCarthy, Mwairishi.

Jumuiya ndogo ndogo ni za miaka ya 1970, enzi za Kardinali Otunga, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Nairobi, maaskofu wa Afrika Mashariki walipokubaliana kwamba Kanisa lianzie pale watu wanapoishi. Kwa jiji hili walilenga ndipo. Padre mmoja atawajuaje watu wote wa Kayole, na kila mwezi kuna wanaohama na wanaohamia?

Mimi ni katekista, na jumuiya ndiyo iliyonilea. Tunakutana kwa zamu nyumbani kwa wanajumuiya, viti vingine tumeazima kwa jirani. Injili ya Jumapili inasomwa, tunanyamaza kidogo, kisha kila mtu anataja neno lililomgusa. Hapo katibu anafungua daftari: nani mgonjwa, nani amefiwa, nani amefungiwa nyumba kwa kukosa kodi. Mama mmoja wa ploti yetu alipofiwa na mumewe usiku, kulipokucha tayari kulikuwa na watu wamekaa naye, wengine wakichanga nauli ya kusafirisha mwili hadi Siaya. Ofisi ya parokia ilipata habari baadaye.

Kwa hiyo barua hiyo inasema tu kwamba kuna watu wanaokufahamu, watakaokusaidia kumlea mtoto katika imani. Wako viongozi wanaoizuia hadi ulipe michango. Hilo ni kosa, nami nalikataa waziwazi: sakramenti haiuzwi. Ukikumbana nalo, mwone paroko mwenyewe.

Jumapili baada ya misa, uliza jumuiya ya mtaa wako inakutana wapi. Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kadi yako ya ubatizo. Msimamizi awe Mkatoliki aliyepata kipaimara, mwenye umri usiopungua miaka 16.