Jibu: Insha zote zinafanana, nitumie programu gani kuwakamata?

Habari mwalimu. Nimekuelewa hivi: insha za nyumbani zinarudi zikiwa laini na zinafanana, nawe unatafuta programu ya kugundua zilizoandikwa na akili mnemba.

Hapo kwenye programu nakusihi usitegemee. OpenAI, wenye ChatGPT, walitoa kitambuzi chao mwanzoni mwa 2023, wakakiondoa Julai mwaka huohuo kwa sababu hakikuwa sahihi. Kwenye majaribio yao wenyewe kilinasa asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine. Kumnyima mwanafunzi alama kwa ushahidi wa aina hiyo ni kumdhulumu.

Kagua kwanza swali lako. Liweke kwenye ChatGPT kama lilivyo. Likijibiwa vizuri papo hapo, libadilishe. Mimi niliacha "Jadili sababu za mfumuko wa bei." Siku hizi nawapa jibu la mashine walisahihishe: rejea ipi haipo, hoja ipi haina ushahidi. Kisha kila mmoja namwita dakika tano, naweka kidole kwenye aya moja ya kazi yake na kuuliza, "Kwa nini ulichagua mfano huu?" Aliyeiandika atajieleza, hata kama anababaika. Aliyenakili huanza kuisoma upya.

Darasa likiwa kubwa mno kwa mahojiano, rasimu ya kwanza iandikwe darasani kwa mkono, waiboreshe nyumbani, na alama nyingi uziweke kwenye maelezo ya walichobadilisha na kwa nini. Pia maelekezo yaseme waziwazi matumizi yapi ya akili mnemba yanaruhusiwa.