Faili hili lilizaliwa lini?

Asalaam aleikum, fundi. Picha zangu za Maulidi nilizihifadhi kwenye diski ya nje nikitumia Windows. Sasa natumia Linux na tarehe ya kuundwa faili siioni. Imepotea? (Langoni, Lamu)

Waaleikum salaam, dada. Haijapotea. Diski ikiwa ya NTFS, yaani mpangilio wa diski wa Windows, tarehe imo humo humo. Programu ya ntfs-3g huitoa kupitia sifa za ziada, yaani vijikaratasi vilivyobandikwa kwenye faili kando ya yaliyomo. Unachokitaka wewe kinaitwa system.ntfs_crtime. Andika:

getfattr -n system.ntfs_crtime -e hex picha.jpg

Utaletewa baiti 8, usishtuke. Ni hesabu tangu tarehe 1 Januari 1601, kila sekunde ikikatwa vipande milioni 10, kwa UTC, yaani saa za kimataifa. Tena imepangwa kinyume: acha 0x ya mwanzo, kisha usome jozi moja moja kutoka kulia, kama barua za mabibi zetu za khati ya Kiarabu. Ukiona uvivu, ongeza _be mwisho wa jina hilo, nayo itakuja imeshapinduliwa.

Kwani ile tarehe ya faili iitwayo ctime si ndiyo ya kuundwa? (Mkomani)

Siyo. Ile c ni ya mabadiliko. Ukibadili ruhusa tu, nayo inabadilika. Mimi mwenyewe niliwahi kumwambia mteja kuwa hati yake ya jahazi iliandikwa Jumatatu. Kumbe Jumatatu ndiyo siku niliyoigusa mimi. Aibu ile!

Na diski ya ext4, mpangilio wa Linux, je? (Mokowe)

Huiandika tangu zamani, ila programu hazikuwa na mlango wa kuiuliza mpaka Linux 4.11, mwaka 2017, ilipoleta mlango huo, uitwao statx. Siku hizi andika stat na jina la faili, utazame mstari wa Birth.

Nikinakili, tarehe itafuata? (Shela)

Haifuati. Nakala huzaliwa siku ya kunakiliwa, hata kwa amri ya kunakili cp -p, ambayo hubeba tarehe ya kurekebishwa. Ndiyo maana utakuta faili lililorekebishwa kabla ya kuzaliwa! Mimi hubandika kijikaratasi changu:

setfattr -n user.kuzaliwa -v 2019-03-02 picha.jpg

Kisha nanakili kwa cp -a. Lakini flashi ya FAT, mpangilio wa zamani wa diski, haina pa kukibandika, kinadondoka njiani. FAT pia huandika saa ya ukutani bila kusema ni ya wapi, kwa hiyo ukiona saa 3 zimeruka, ni tofauti yetu na UTC. Sisi tuliozoea kuhesabu saa 6 mbele na nyuma hilo halitusumbui.

Kwa picha za kamera, angalia kwanza EXIF, yaani maelezo yanayoandikwa na kamera, pamoja na tarehe ya kupigwa. Hiyo imo ndani ya picha yenyewe.