Baridi ya Mbeya si friji: kwa mnaoanza mgahawa na grosari

Juni ikiingia tu, kosa ni lile lile. Kijana kafungua mgahawa Mwanjelwa au Uyole, leseni iko ukutani, wahudumu wana aproni safi. Saa nne usiku anafunga mlango na kuacha sufuria la maharage mezani, limefunikwa. Ukimuuliza, anakujibu: "Kwa baridi hili chakula kitachachaje?" Wadogo zangu, kitawaumiza wateja hata kabla hakijachacha.

1. Kiporo. Nje kunaweza kuwa nyuzi 8, lakini katikati ya sufuria la lita 20 hakuna baridi. Maharage mazito hayaachii joto upesi, mfuniko unazuia mvuke, na jikoni mkaa wa jioni bado una moto. Ukigusa ubavuni utasema limepoa, kumbe katikati ni vuguvugu mpaka usiku wa manane. Kati ya nyuzi 5 na 60 ndiko vijidudu vinakostawi. Yupo anayeitwa Clostridium perfringens, anayepatikana sana kwenye nyama na maharage ya sufuria kubwa. Mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Chakula kikikaa kwenye nyuzi 40 hadi 45, huweza kuongezeka maradufu kila dakika 10 hivi. Asubuhi unapasha mpaka mvuke uonekane, unampakulia konda wa daladala supu na maharage, na jioni tumbo linamkata akiwa njiani.

Wali una lake. Kijidudu kiitwacho Bacillus cereus huacha sumu ambayo moto wa jikoni hauimalizi, kwa hiyo kuukaanga wali uliolala mezani hakuufanyi salama. Hapo ni kumwaga, hata kama inauma.

Njia ni hii. Gawanya chakula kwenye trei pana, kina kisizidi sentimita 5. Kama huna trei, tumia sufuria ndogo ndani ya beseni la maji baridi, koroga, na ubadilishe maji yakipata joto. Kitoke nyuzi 60 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha kifike 5 ndani ya saa 4 zinazofuata, kikiwa friji. Kesho yake chemsha mpaka katikati ipite nyuzi 70, mara moja tu, usirudishe tena friji. Nunua kipima joto cha sindano. Ukikijaribu kwenye maji yanayochemka kikasoma 94, usikirudishe dukani: kwenye mwinuko wa mita 1,700 maji huchemkia hapo. Ndiyo maana pia maharage ya huku yanakula mkaa mwingi kuliko ya Dar es Salaam.

2. Kupima afya kila miezi sita. Wengi mnaichukulia kama ada ya kumridhisha bwana afya. Fikiria kitimoto. Nyama yenye vifuko vya tegu, vinavyoonekana kama punje nyeupe za mchele, isipoiva humpa mlaji mnyoo. Mpishi mwenye mnyoo huo asiponawa kwa sabuni akitoka chooni, mayai yake huingia kwenye kachumbari, na kwa anayekula yanaweza kuishia kwenye ubongo na kuleta kifafa. Mteja huyo huenda hajawahi hata kuonja nguruwe! Kwa hiyo kipimo cha choo kina kazi, ndoo ya koki na sabuni mlangoni mwa choo ina kazi, na nyama isiyo na mhuri wa mkaguzi usiipokee hata muuzaji akipunguza bei.

3. Friji la bia si la nyama. Hufunguliwa kila dakika mbili, halitulii kwenye nyuzi 5. Kama mnalo moja tu, nunueni nyama ya siku hiyo.

4. Ndani ya friji, nyama mbichi chini, kachumbari juu. Ubao na kisu kila kimoja na chake.

5. Makaratasi. Mwaka 2019 usalama wa chakula ulihamia TBS (Shirika la Viwango) kutoka TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa), ambayo sasa ni TMDA, ya dawa na vifaa tiba, kwa hiyo acheni kuulizia "watu wa TFDA". Afisa afya wa kata bado ndiye atakayeingia jikoni kwenu. Akija, mwonyesheni daftari la joto la friji, lililoandikwa asubuhi na jioni kwa kalamu ya siku husika. Lililojazwa lote usiku mmoja analitambua kwa wino.