Miguu Inayovimba: Majibu kwa Wasomaji Wawili

SWALI: Daktari, mimi ni fundi cherehani mwenye umri wa miaka 56. Kwa miezi kadhaa sasa miguu yangu yote miwili huvimba ifikapo jioni, hata mkanda wa kiatu huacha alama kwenye ngozi, ingawa asubuhi huamka ikiwa imepungua sana. Ninatumia amlodipini ya miligramu 10 kwa ajili ya presha, na magoti yakiuma humeza diklofenaki ninayonunua duka la dawa. Uvimbe huu ulianza baada ya dawa ya presha kuongezwa kutoka miligramu 5, na ni wakati huohuo nilipofunga mota kwenye cherehani yangu. Jirani yangu mwenye ugonjwa wa moyo amenigawia vidonge vyake vya kupunguza maji mwilini, na shangazi ananihimiza nipunguze kunywa maji. Nimsikilize nani?
Fundi cherehani, Morogoro

JIBU: Mama, vidonge vya jirani naomba uvirudishe leo. Kuvimba miguu ni dalili wala si ugonjwa wenyewe, na dawa inayomfaa mtu ambaye moyo wake umechoka yaweza kukuletea wewe kizunguzungu, kukupunguzia potasiamu na kuzielemea figo, huku uvimbe ukibaki palepale.

Maelezo yako yamenisaidia sana. Amlodipini hushusha presha kwa kuilegeza mishipa midogo inayopeleka damu, lakini haiilegezi kwa kiasi hicho ile inayoirudisha moyoni; kwa hiyo msukumo huongezeka katika vimishipa vyembamba vya miguuni na maji huvujia kwenye nyama. Jambo hili huonekana zaidi kwa wanaotumia miligramu 10, na zaidi kwa wanawake. Kwa kuwa chanzo chake si wingi wa maji mwilini, vidonge vya kukojoza huutibu uvimbe wa aina hii kwa shida. Hata hivyo, usiiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe, maana presha iliyoachwa bila ulinzi ina madhara makubwa kuliko miguu iliyovimba. Rudi kliniki ueleze kama ulivyonieleza mimi. Daktari anaweza kukurudisha kwenye miligramu 5 na kukuongezea dawa ya kundi lingine, kama losartani, au kuibadilisha kabisa.

Diklofenaki nayo ina sehemu yake. Huzifanya figo zishikilie chumvi na maji, hupandisha presha unayohangaika kuishusha, na ikitumiwa kwa muda mrefu huziumiza figo zenyewe. Wengi hawaitaji wanapoulizwa kuhusu dawa wanazotumia, kwa kuwa waliinunua bila cheti. Wewe itaje, na uulize kama parasetamoli inaweza kukutosha.

Tena kuna ile mota. Damu iliyoshuka nyayoni hupandishwa kwa msaada wa misuli ya shavu la mguu, ambayo huikamua mishipa kila nyayo zinapofanya kazi. Cherehani ya kukanyaga ilikuwa ikikufanyia zoezi hilo kutwa nzima bila wewe kujua. Sikushauri uing'oe mota, bali kila nusu saa usimame, utembee kidogo, na uinue visigino mara kadhaa. Jioni lala chali, uiweke miguu juu ya mito hadi ipite usawa wa kifua, kwa dakika 20 hadi 30, kwani kuiegemeza kwenye kigoda ukiwa umeketi hakutoshi.

Kuhusu maji, shangazi ana nia njema, lakini mtu ambaye hakukatazwa na daktari hana sababu ya kujinyima. Kinachopaswa kupunguzwa ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyomo kwenye samaki wa kukaushwa na viungo vya supu vya pakiti.

Pamoja na hayo yote, omba upimwe mkojo, figo na ini, na moyo wako usikilizwe, kwa sababu dawa kuwa mshukiwa wa kwanza hakuondoi uwezekano wa ugonjwa mwingine. Ukianza kuishiwa pumzi unapolala bila mito mingi, au uso ukivimba asubuhi na mkojo ukatoa povu, au tumbo likajaa, usingoje siku ya kliniki.

SWALI: Mke wangu alijifungua wiki iliyopita. Mguu wake wa kushoto umevimba ghafla hadi pajani, una joto na unauma. Wazee wanasema ni matende, na mama anamkanda kwa maji ya moto kila asubuhi. Je, tuendelee?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu yangu, wewe nilikujibu kwa simu siku ileile ujumbe wako uliponifikia, hapa naandika kwa ajili ya familia nyingine. Msiendelee kuukanda mguu huo, na mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Katika mwambao wetu ni rahisi kuyashuku matende, lakini uvimbe wa matende hujengeka kwa miaka, si kwa siku mbili. Mguu mmoja unaovimba ghafla baada ya uzazi, upasuaji au safari ndefu huashiria damu iliyoganda ndani ya mshipa mkubwa. Damu ya mjamzito huganda upesi ili kumkinga asitokwe na damu nyingi wakati wa kujifungua, na hali hiyo huendelea kwa wiki sita hivi baadaye. Kuuchua mguu kunaweza kulisukuma bonge hilo hadi kwenye mapafu, na hapo mzazi hupungukiwa pumzi ghafla, huchomwa na kifua, pengine hukohoa damu, na anaweza kufa.

Hospitalini mguu hupimwa kwa ultrasaundi, na matibabu ni dawa za kuzuia damu kuganda zinazoendelea kwa miezi kadhaa. Sindano za heparini, mojawapo ya dawa hizo, hazimdhuru mtoto kupitia maziwa, kwa hiyo mama aendelee kunyonyesha.