Koti la PRESS na pasi ya makala

SWALI: Mzee, salamu kutoka Kadutu. Nina kibanda cha kufua na kupiga pasi, na juu ya mlango nimeandika PRESSING. Juzi mtoto wangu aliona mwandishi wa habari amevaa koti lenye neno PRESS mgongoni, akaniuliza: "Mama, na huyu anapiga nguo pasi?" Nilicheka, ila jibu sikuwa nalo.
Mama wa Pasi, Bukavu

JIBU: Mama, mtoto hajakosea sana. Mzizi ni mmoja: Kilatini "premere", kubana, kukandamiza. Wafaransa wakapata "presser", Waingereza wakalichukua kwao.

Mimi nilipanga herufi za risasi za kuchapia tangu ujana wangu, vidole vyeusi hata siku ya harusi, kwa hiyo hapa nivumilie kidogo. Johannes Gutenberg, mjini Mainz, Ujerumani, mnamo 1450, alitumia mtambo wa aina ile ya kukamulia zabibu: parafujo kubwa ya mbao inazungushwa, ubao unashuka, karatasi inabanwa juu ya herufi zenye wino. Mtambo ukaitwa "press". Baadaye jina likahamia kwenye magazeti yaliyotoka humo, kisha kwa watu wanaoyaandika. Yule bwana wa koti amebeba mgongoni jina la kinu cha divai.

Bango lako ni mambo ya Wafaransa. Walichukua neno lenye sura ya Kiingereza wakalipa kazi ya duka la dobi. Mwingereza akitafuta dobi hatafuti "pressing". Hata hivyo mafundi cherehani wa kwao wanalo neno hilo kwa jambo jingine. Kuteleza na pasi huku na huku juu ya nguo ni kunyoosha tu. "Press" ni kuishusha, kukandamiza, kuinua, kushusha tena mbele kidogo, hasa kwa koti la sufu. Wewe kwenye mkunjo wa suruali ya Jumapili unafanya hivyo hivyo, na makala, yaani makaa, yanawaka ndani ya pasi.

Kuna ndugu wa uongo pia. Zamani jeshi la majini la Uingereza lilikamata wanaume bandarini na kuwatia melini kwa nguvu, na kazi hiyo nayo ikaitwa "press". Asili yake ni "prest", fedha ya utangulizi aliyopewa baharia akijiandikisha, kutoka neno jingine kabisa la Kilatini. Maneno yalifanana masikioni, yakachanganyika. Na aliyekamatwa alibanwa kweli.

Kiswahili nacho kimepita njia hiyo. Shinikizo lilikuwa chombo cha kukamulia mafuta. Leo vitabu vya afya vinasema shinikizo la damu. Shangazi yangu wa Bagira hataki kulisikia. Yeye ana "tansiyo", basi.

Bango usilifute. Wateja wako wanalisoma Kifaransa.